Tuache Kukilaumu Choo: Kinga ya UTI kwa Mwanamke

Mwenyekiti, mama zetu, dada zetu, na akina baba wachache mliojipa moyo mkaingia: wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Karatasi za maswali zilizokusanywa pale mlangoni zimesomwa zote, na kuna swali limejirudia kuliko mengine: nitumieje choo cha watu wengi nisipate UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo? Tuanze hapo hapo, maana jibu lake ndilo limebeba karibu mambo yote ya leo.

UTI haipatikani kwa kukalia choo. Bakteria anayeongoza kuisababisha anaitwa E. coli, na katika maambukizi ya kawaida ya kibofu kwa wanawake yeye ndiye mhusika kwa takriban visa vinane kati ya kumi. Makazi yake ni utumbo mpana, wako wewe mwenyewe, na akiwa humo hana shida na mtu. Shida huanza akitoka kwenye njia ya haja kubwa, akasogea juu ya ngozi mpaka mlango wa uke, akapata nafasi ya kukaa pale, kisha akapanda mrija wa mkojo hadi kibofuni. Mrija huo kwa mwanamke una sentimita 4 hivi. Wa mwanamume hufika 20. Tofauti hiyo inaeleza kwa sehemu kubwa kwa nini ugonjwa huu unatuandama sisi zaidi, na kwa nini karibu nusu ya wanawake wote huupata angalau mara moja maishani.

Choo kichafu kina magonjwa yake, hasa ya tumbo, na hayo hupitia mikononi. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni. Lakini kwa UTI tumekisingizia.

Na kusingizia huku kuna gharama. Mwanamke anayekiogopa choo hufanya mambo matatu. Hanywi maji, ili asibanwe akiwa kazini au safarini. Anabana mkojo kuanzia asubuhi mpaka arudi kwake. Na akizidiwa, akaingia, anakojoa akiwa nusu kasimama nusu kachuchumaa, makalio hewani, mapaja yanatetemeka. Anadhani anajikinga, kumbe yote matatu yanamtengenezea E. coli mazingira.

Tuyatazame kwa karibu. Kibofu hujisafisha kwa kujimwaga. Bakteria wachache huingia mara kwa mara bila wewe kujua, na ukikojoa wanatoka kabla hawajafanya lolote. Lakini aina ya E. coli inayopenda njia ya mkojo ina vinyweleo vidogo mno mwilini mwake, na ncha za vinyweleo hivyo hunata kwenye sukari iliyopo juu ya seli za ukuta wa kibofu. Akishanata, mkondo wa mkojo haumng'oi kirahisi. Ndiyo maana muda una maana kubwa. Katika mazingira mazuri bakteria huyu hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo, saa 6 zinatosha mmoja kuwa zaidi ya laki mbili. Ndani ya mkojo huenda taratibu kuliko hapo, lakini anayebana mkojo kutwa nzima amempa kutwa nzima.

Ule mkao wa nusu kusimama nao una tatizo lake. Misuli ya sakafu ya nyonga inatakiwa ilegee ili mkojo utoke wote. Ukijishikilia hewani inakaza, mkojo unatoka kwa kukatakata, na mwingine unabaki. Mabaki hayo ni sawa na donge la unga uliochachuka lililosahaulika chunguni: ukimimina unga mpya juu yake, nao unaumuka.

Basi choo cha kuchuchumaa, chuchumaa kabisa, nyayo zote zikanyage chini. Choo cha kukaa, futa kiti, tandika karatasi kama roho inasita, kisha kaa. Miguu iguse sakafu, inama mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja. Usisukume kwa nguvu. Mkojo ukikatika usinyanyuke hapo hapo. Subiri kama nusu dakika, sogeza kiuno kidogo, jaribu tena. Hili la mara ya pili linawafaa zaidi wenye umri mkubwa, na wale ambao kizazi kimeshuka, kwa sababu vibofu vyao mara nyingi havimalizi kwa mkupuo mmoja.

Sasa maji. Ushauri wa kunywa maji umesemwa mpaka umechosha masikio, kwa hiyo tuupe namba. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 140 ambao walikuwa wanasumbuliwa na UTI za kujirudia na walikuwa wanakunywa chini ya lita 1.5 kwa siku. Nusu yao waliongezewa lita 1.5 juu ya walichozoea, nusu wakaendelea kama kawaida. Baada ya miezi 12, walioongeza maji walipata wastani wa UTI 1.7, wasioongeza 3.2. Karibu nusu ya ugonjwa imepungua kwa maji matupu. Lakini sikilizeni vizuri: walikuwa ni wanywaji wadogo. Aliyekwisha kunywa lita mbili na nusu kila siku asitegemee kwamba kujijaza zaidi kutamsaidia vilevile. Na mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kiwango na daktari, kiwango chake ni kile kile.

Njia rahisi ya kuongeza ni kutafuta chupa ya nusu lita na kuimaliza kuanzia kila mlo: asubuhi, mchana, jioni. Ya jioni ianze mapema ili usiku usiwe wa kuamka amka. Kipimo ni rangi ya mkojo, uwe wa njano iliyopauka, na safari za chooni ziwe kila saa 3 au 4 mchana. Ukiona umetoka asubuhi na saa nane mchana hujakojoa, siku hiyo maji hayakutosha.

Tuje kwenye sehemu ambayo vichwa huinama. Kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, kinachochochea UTI kuliko kingine chochote ni tendo la ndoa. Msuguano husogeza bakteria waliopo kwenye mlango wa uke kuelekea kwenye tundu la mkojo, ambalo liko hapo hapo juu yake. Ndiyo maana wapo wanaougua siku moja au mbili baada ya kila tendo, na wapo walioanza kuugua walipoolewa tu. Hilo si ushahidi kwamba mume ametoka nje. UTI ya kibofu haihesabiwi katika magonjwa ya zinaa, na mwenzi asiye na dalili hahitaji kumeza dawa. Ndoa zimeingia dosari bure kwa kutolijua hili, na akina baba mliopo mkalifikishe kwa wenzenu.

Kukojoa baada ya tendo kunashauriwa kila mahali. Ushahidi wake wa kitafiti si mzito, lakini hakuna hasara: kunywa maji kabla, kisha nenda ukojoe baadaye. Huna haja ya kuruka kitandani kama moto umeshika. Lenye ushahidi mzito zaidi ni dawa za kuua mbegu za kiume, hasa nonoksinoli-9, ziwe za jeli, za povu, za kuwekwa kwenye kiwambo cha kuzuia mimba au zilizopakwa kwenye kondomu. Dawa hiyo huua pia bakteria walinzi wa uke, na E. coli anakuta nyumba tupu. Kama UTI zinajirudia na unatumia kitu cha namna hiyo, zungumza na mhudumu wa uzazi wa mpango akubadilishie. Kondomu zisizo na dawa hiyo zipo, soma pakiti. Na kama tendo limepita nyuma, lisirudi mbele kabla ya kuosha na kubadilisha kondomu.

Hao bakteria walinzi wanaitwa laktobasili. Wanatengeneza asidi ya laktiki na kuufanya uke uwe na uchachu wa pH 3.8 hadi 4.5, kiwango ambacho E. coli hastawi. Ukivuruga ulinzi huo umefungua mlango. Unavurugwa na nini? Kuingiza kidole chenye sabuni na kusugua ndani. Siki, ndimu, maji ya dawa ya kuulia vijidudu, marashi, mitishamba ya kuingizwa ukeni, mvuke. Uke unajisafisha wenyewe kwa ndani; ute wake wa kawaida si uchafu. Osha nje tu, kwa maji, mara moja au mbili kwa siku, na kama lazima uwe na sabuni iwe isiyo na manukato, tena iishie nje. Hapa hatutapindisha maneno: bidhaa zote zinazouzwa kwa ahadi ya kubana, kukausha na kunukiza uke, kwa upande wa UTI ni hasara juu ya hasara.

Kuna mafundisho ya usafi ambayo wengi wetu tulipewa tukiwa wadogo: kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma, chupi za pamba, kubadilisha pedi. Ni mafundisho mazuri, endeleeni nayo. Anayetumia karatasi, apitishe mara moja kuelekea nyuma, aitupe, achukue nyingine. Anayechamba kwa maji, amwage kutokea mbele, asafishe sehemu ya mbele kwanza, kisha nyuma, na mkono ulioshafika nyuma usirudi mbele. Pedi isizidi saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Lakini tafiti zilizolinganisha wanawake wanaougua mara kwa mara na wasiougua hazikuona tofauti ya maana katika namna wanavyojifuta wala aina ya chupi wanazovaa. Maana yake ni kwamba mwanamke mwenye UTI za kujirudia si mchafu. Wengine seli zao tu zimeumbwa bakteria akinata kirahisi zaidi, na mama mzazi aliyeugua UTI mara nyingi ni dalili mojawapo. Anayekwambia "jitahidi usafi" kila unapokwenda na maumivu, hajakusaidia.

Kwa kifupi sana, kufunga choo nako kunachangia: haja kubwa iliyojaa huegemea kibofu kikashindwa kumaliza mkojo. Na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari, hivyo mwenye UTI za kujirudia apimwe sukari.

Mama zetu mliokoma hedhi, hili ni lenu, na ndilo halitajwi vya kutosha. Homoni ya estrojeni ikishuka, ngozi ya uke inakuwa nyembamba na kavu, laktobasili wanapungua, uchachu unaondoka. Ndiyo sababu mama aliyepita ujana wake wote bila UTI anaweza kuanza kuugua akiwa na miaka 58. Ipo dawa ya kinga yenye ushahidi wa nguvu: estrojeni ya kupaka au kuweka ukeni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, waliotumia kremu hiyo walipata wastani wa UTI 0.5 kwa mwaka, waliotumia kremu isiyo na dawa 5.9. Kwa kawaida huwekwa kila usiku kwa wiki 2, kisha mara mbili kwa wiki, na faida huonekana baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo usiiache siku ya kumi ukisema haifanyi kazi. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana, asiianze kabla ya kuzungumza na daktari wake. Vidonge vya estrojeni vya kumeza havitoi kinga hii. Lazima iwe ya ukeni.

Wajawazito nao wana kanuni yao. Homoni za ujauzito hulegeza mirija inayotoka kwenye figo, na mfuko wa uzazi hukandamiza, hivyo mkojo hutuama. Kati ya wajawazito 100, wawili hadi kumi huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuhisi chochote. Wakiachwa bila tiba, hadi watatu kati ya kumi miongoni mwao maambukizi hupanda kwenye figo, na hapo hatari ni kwa mama na mtoto, ikiwemo uchungu wa kabla ya wakati. Kwa hiyo mjamzito apimwe mkojo mapema kliniki, ikiwezekana kwa kuotesha, yaani mkojo unawekwa maabara ili bakteria waliomo wakue na kutambuliwa, na bakteria wakionekana atibiwe hata kama hana dalili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza antibiotiki za siku 7 kwa hali hiyo.

Kwa wasio wajawazito kanuni inageuka. Bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote hawatibiwi, isipokuwa kwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji au kipimo kinachochubua njia ya mkojo. Hapa ndipo "UTI sugu" nyingi zinapozaliwa. Mtu anakwenda na uchovu au mgongo unauma, anapimwa mkojo, zinaonekana seli chache za usaha, anapewa antibiotiki. Mwezi unaofuata hivyo hivyo. Seli za usaha peke yake si UTI. Huweza kutoka ukeni wakati wa kuchukua mkojo. Kila dozi isiyo ya lazima inaua laktobasili na kuwaacha hai wale E. coli wa tumboni wasiosikia dawa, ambao ndio watakaopanda safari ijayo.

UTI ya kibofu ina sura yake: mkojo unachoma, unabanwa ghafla, unakwenda kila mara na kutoa matone, chini ya kitovu panauma, wakati mwingine mkojo una damu. Ukiwa na muwasho, ute wenye harufu au maziwamaziwa, na kuchoma kunakohisiwa nje mkojo unapogusa ngozi, fikiria kwanza fangasi, mvurugiko wa bakteria wa uke au ugonjwa wa zinaa. Dawa za UTI hazitaviponya. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, au kutapika, huenda maambukizi yamefika kwenye figo: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito asisubiri hata dalili moja kati ya hizo itokee.

UTI za kujirudia kwa maana ya kitabibu ni mbili ndani ya miezi 6, au tatu ndani ya mwaka, zilizothibitishwa. Aliyefika hapo ana njia za kinga za kujadili na daktari. Krenberi, tunda dogo jekundu la nchi za baridi, ya juisi au vidonge, imeonekana katika mapitio ya tafiti ya mwaka 2023 kupunguza kujirudia kwa takriban robo. Ni kinga tu, haitibu UTI iliyokwishaanza, na juisi iliyojazwa sukari haimfai mwenye kisukari. D-manozi, aina ya sukari inayosifiwa sana kuwa kinga, haikuonyesha faida katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2024, kwa hiyo tunza fedha zako. Methenamini hipureti, gramu 1 mara mbili kwa siku, si antibiotiki. Katika mkojo wenye asidi hutoa formaldehaidi inayoua bakteria, na mwaka 2022 ilionekana kutopitwa kwa maana na antibiotiki za kila siku. Mwisho ndiyo antibiotiki za kinga: dozi ndogo kila usiku kwa miezi kadhaa, au kidonge kimoja baada ya tendo kwa yule ambaye tendo ndilo chanzo chake. Hizi ziwe za kuandikiwa, kwa kuwa nitrofurantoini, kwa mfano, haifai kwa mwenye figo dhaifu, na ikitumiwa muda mrefu inaweza kudhuru mapafu na ini.

Yote hayo yanategemea kipimo cha kuotesha kilichochukuliwa vizuri, na vipimo vingi huharibikia chooni. Hivi ndivyo inavyofanyika. Nawa mikono. Fungua chupa ya maabara, mfuniko uulaze chali, usiguse ndani. Tenganisha mashavu ya uke kwa vidole viwili na uyashikilie hivyo mpaka mwisho, maana wengi huyaachia katikati na mkojo unasomba vya ukeni. Anza kukojoa chooni, kisha bila kukatisha ingiza chupa kwenye mkondo upate mkojo wa katikati, nusu chupa inatosha, itoe, malizia chooni. Funga, iandikwe jina na saa. Ukiwa kwenye hedhi, mwambie mtu wa maabara. Mkojo uliokaa kibofuni saa 4 hivi hutoa majibu bora zaidi, hasa kwa kipimo cha kijiti. Chupa ifike maabara ndani ya saa 2. Ikishindikana, iwekwe kwenye friji, isizidi saa 24, kwa sababu kwenye joto la kawaida bakteria wachache wasio na maana huzaana humo na majibu yakasema una UTI. Antibiotiki, kama zitahitajika, zianze baada ya mkojo huo kutolewa. Na majibu yakija, uliza majina mawili: la bakteria aliyeota, na la dawa inayomuua.

Karibuni kwa maswali. Kuna karatasi ya mama anayemuuguza mzazi mwenye mpira wa mkojo, tuanze na yeye.